Kitambaa Chekundu kwenye Kiti cha Theodora

KITUO CHA POLISI, WILAYA YA MANYONI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Leonidas Andrea Mughwai. Umri: miaka 64. Kazi: mkulima, zamani mkaguzi wa mabehewa ya reli. Makazi: Kijiji cha Ujamaa Majengo Mapya, Itigi. Tarehe 11/3/1975, saa 3:00 asubuhi.

Naeleza kuhusu kifo cha Theodora Gabrieli, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, ambaye miguu yake ilipooza tangu utotoni. Wifi yake, Selina, yuko mahabusu kwa kifo hicho.

Theodora alikuwa na kiti cha magurudumu kinachokwenda kwa betri, alichoachiwa na sista mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Mimi nilikikagua kila Jumamosi. Kiti cha namna hiyo hakina breki ya kukanyaga. Ukiachia kishikio cha mkononi, mota hukatika na springi hubana breki. Springi ikichoka, hakuna cha kukizuia.

Mnamo tarehe 8/3/1975, saa 4:00 asubuhi, nilikiweka kiti kitupu kwenye mteremko ulio mbele ya nyumba yao, unaoshuka hadi lambo la kijiji. Kilisimama. Nilihesabu hadi kumi na mbili, kikaanza kuteremka chenyewe, polepole, bila sauti. Nikakikamata. Nilikaza mkanda wa kiunoni uliokuwa umelegea, kisha nikafunga kitambaa chekundu kwenye kishikio. Reli tulifanya hivyo kwa behewa bovu, ili mtu asilitumie, na aliyekifunga ndiye peke yake wa kukifungua. Theodora nilikwisha kumfundisha. Nikamwambia, "Mwanangu, nafuata springi Manyoni. Kanuni unaijua."

Selina alikuwa akipepeta mtama. Akacheka, "Baba, gari la wifi linaumwa kuliko mwenyewe! Tulipeleke zahanati."

Theodora akajibu, "Pepeta, wifi. Siku nikikupa lifti utaacha maneno." Sikuona ugomvi kati yao.

Tarehe 10/3/1975, saa 2:20 asubuhi, nilikuwa nikirudi kwa baiskeli kutoka stesheni, springi mfukoni. Nikiwa ng'ambo ya lambo, nilimwona Theodora kwenye kiti, juu ya mteremko, amepakata vitabu. Kitambaa hakikuwepo. Nikapiga kelele, "Theodora, rudi nyuma!" Nadhani alidhani namsalimu. Alinipungia mkono, na ili apunge aliachia kishikio. Kiti kilisimama kidogo, kama siku ile. Kisha kikaanza.

Nilizunguka lambo mbio. Mvua za mwaka huu zimelijaza. Nilipofika, maji yalikuwa yametulia. Nilizama mara tatu. Mkanda nilioukaza kwa mkono wangu haukuwa umeachia.

Selina alikuja mbio, mtoto mgongoni. Nilimuuliza kitambaa kiko wapi, akanionyesha kwenye kamba ya nguo. "Nilikifua jana, Baba. Kilijaa grisi, na leo wifi anatembelewa na wakubwa wa elimu." Theodora bila shaka aliamini nilipita Jumapili alipokuwa kanisani na kiti kimebaki nyumbani, nikafunga springi na kukitoa kitambaa mwenyewe.

Watu wanasema Selina alikusudia. Kanuni ile ni ya reli. Yeye hajafanya kazi reli. Kijijini wananijua kwa kueleza mambo mpaka wanachoka kusikiliza. Jumamosi ile Selina alikuwa hatua tano kutoka kwangu, na sikumweleza.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Sina la kupunguza.

(Sahihi) L. A. Mughwai

Yameandikwa nami, Koplo Philipo. Shahidi ameyasoma mwenyewe na kuyathibitisha. Nilimwonya kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Alijibu: "Yaache hivyo hivyo, Afande. Yule mama mfungulieni, ananyonyesha."