Kuku Wanaojua Sura

Jumatatu, 2 Juni 2025

Daftari hili ni langu mwenyewe. Lile la mradi liko kwenye begi, lina safu za kujaza sekunde. Hili la yanayonikera.

Dokta Rebeka kapiga simu asubuhi kutoka chuoni. Ana furaha. Anasema matokeo yetu ya kwanza yamesomwa na wataalamu wenzake na hakuna aliyecheka. Ubongo wa kuku ni kama karanga tu, lakini seli zake zimebanana, ndiyo maana ana akili kuliko anavyodhaniwa. Tulitaka kujua kama kuku wa kienyeji anakumbuka sura ya mtu. Anakumbuka! Mimi nilikuwa najua tangu utoto, ila sikuwa na stopwochi.

Amemsifia na mume wangu, Baba Alphonce. Kwenye majaribio anahitajika mtu mmoja wa kuwalisha kuku, na mwingine ambaye hawamjui kabisa. Mwezi wa tatu huyo asiyejulikana alikuwa Baba Alphonce. Anaishi nao uwanja mmoja, hajawahi kuwarushia hata punje. Alisimama dakika tano nzima, wakampita kama wanavyopita mti. Dokta anasema hakuna mgeni bora kuliko yeye kwenye vituo vyote.

Nikamfikishia salamu wakati wa chakula. Akasema kuku ni mboga. Akaongeza ugali.

Jumanne, 3 Juni

Nimerudi jioni kutoka kuchanja kuku wa watu dhidi ya kideri, kitongoji cha pili. Nahesabu — ishirini na tatu. Asubuhi walikuwa ishirini na nne. Hayupo namba tano, pete nyekundu. Tetea mpole, alikuwa anakuja mkononi ndani ya sekunde sita.

Hakuna manyoya. Hakuna damu. Kwa hiyo si kicheche. Na kicheche hafungi mlango wa banda kwa kamba akiondoka.

Baba Alphonce alikuwa Iguguno kutwa, kwenye mashine ya kukamua alizeti. Kasema pole.

Jumatano, 11 Juni

Jana tena! Jumanne, mimi nikiwa kwenye chanjo, Baba Alphonce Iguguno. Namba kumi na nane.

Rukaiya, jirani yangu, alikuwa uani kwake anapeta mtama tangu asubuhi. Anaapa hakusikia kitu. Haiwezekani. Kuku wangu wakishikwa na mgeni wanapiga kelele mpaka barabarani wanasikika. Rukaiya akanuna, akasema kama nataka askari niajiri askari.

Nimempigia Dokta. Wakipungua chini ya ishirini, kituo changu kinafungwa, waliobaki wanahamishiwa kituo cha Kintinku. Kasema kwa upole. Bora angefoka.

Jumapili, 15 Juni

Leo nimejiponza kwa mdomo wangu.

Mkutano wa kitongoji, baada ya ibada. Mwenyekiti wetu, Mzee Antipasi, akauliza hasa nafanya nini na kuku wenye pete. Kukaa nikashindwa. Nikasimama, nikaeleza. Kuku anaijua sura ya mtu. Anamjua aliyemtendea wema na aliyemtendea ubaya. Miezi miwili hajasahau! Nikapigiwa makofi. Sijapigiwa makofi tangu siku ya harusi.

Mzee Antipasi akasema, kumbe basi wanaweza kutoa ushahidi. Nikacheka. Nikaona nacheka peke yangu.

Jumatano, 18 Juni

Wamebaki ishirini na moja. Jana ilikuwa Jumanne, ya tatu mfululizo.

Kitongoji kizima kina jibu: Calist. Ananunua kuku kwa baiskeli na matenga mawili, na kila Jumanne anapita hapa akienda mnadani. Amekuja mwenyewe jioni. Shikamoo mama. Marahaba. Hakukaa. Anasema wenzake wameanza kumwambia apite njia nyingine. Kama angekuwa mwizi, ile baiskeli ingemsaidia nini? Ikitoka kwao inasikika mpaka huku.

Ni kweli, ile baiskeli inalia kuliko kuku wenyewe. Nikamwambia nitamsemea. Sijamsemea kwa mtu bado.

Alhamisi, 26 Juni

Ishirini kamili. Akiondoka mmoja, na mimi nimeondoka.

Mzee Antipasi kaja na wajumbe wawili. Jumamosi wanaume wote wanaopita kwangu siku za Jumanne watasimama mstari. Nitamfungulia kuku. Kuku ataonyesha.

Nikasema kuku si mahakama. Akasema, ulituambia mwenyewe mbele za watu. Nikasema utafiti ni kitu kingine. Akauliza, wanajua sura au hawajui? Nikasema wanajua. Akasema tuonane Jumamosi.

Dokta Rebeka kasema nisithubutu, nisithubutu kabisa, sayansi haitumiki hivyo! Halafu mtandao ukakata. Haukurudi.

Jumamosi, 28 Juni

Wanaume saba. Calist wa mwisho kushoto. Baba Alphonce kajiingiza mwenyewe kwenye mstari, kasema isije ikaonekana nyumba hii ina upendeleo. Watu wakamsifu. Na mimi nikamsifu moyoni.

Mzee Antipasi kaniambia nishike stopwochi ili mambo yaende kitaalamu. Nikashika. Niseme nini, sina msimamo.

Nikamwachia namba kumi na moja. Akaanzia upande wa kushoto. Alipomfikia Calist aliruka, akapiga yowe, akajificha nyuma ya kihenge. Watu: eeeeh! Mama mmoja akapiga vigelegele. Nikasema jamani, huyu kila wiki anawabeba kuku vichwa chini mbele ya wenzao, nani asingekimbia? Mzee Antipasi akasema mtaalamu usiwe wakili.

Kisha namba kumi na moja akatoka kwenye kihenge. Akaenda moja kwa moja kwa Baba Alphonce, sekunde nne. Akamdonoa mfuko wa suruali. Wa kulia. Mara mbili.

Watu wakacheka, kuku anamjua baba mwenye nyumba! Yeye naye akacheka. Akamsogeza kwa mguu.

Nikamtoa namba tatu. Sekunde tano, mfuko wa kulia. Nikamtoa namba ishirini. Sekunde nne. Sijui nilikuwa natafuta nini kwa kurudia. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi iliyozoea.

Mwezi wa tatu, mtu huyohuyo, kuku haohao: dakika tano, hakuja hata mmoja. Kuku hamkimbilii mtu bure. Lazima awe amemlisha kwa mkono, siku baada ya siku, kwa upole. Kwenye rekodi zetu hakuna aliyezoea mtu kabla ya kulishwa mara kumi. Na aliyezoea ukimshika halii.

Watu wote pale waliona kuku anayemwogopa Calist. Mimi niliona kuku wasiomwogopa mume wangu. Nikaandika sekunde kwenye safu yake, nikafunga daftari.

Uamuzi: Jumatatu Calist anapelekwa polisi Iguguno. Lakini Mzee Antipasi anataka karatasi yangu kama mtaalamu, yenye maelezo na sahihi, ili polisi wasije wakadhani ni mambo ya kijijini.

Jumapili, 29 Juni

Kanisani sikusikia neno. Niliimba mstari wa alto kwenye wimbo usio na alto.

Baada ya chakula nikasema naenda kutafuta kuni. Nikaenda shambani kwetu. Alizeti yote imesimama. Sijakuta hata kichwa kimoja kilichokatwa. Nilitembea mstari hadi mstari, navishika kwa mkono vichwa vya alizeti kama kipofu.

Jumanne nne mume wangu amekwenda Iguguno kukamua alizeti ambayo haijavunwa.

Naumia. Niandike tu, hakuna anayesoma. Naumia kwa sababu ya kuku wanne, na naumia zaidi kwa zile mara kumi. Alikaa nao. Alichuchumaa, akanyoosha mkono, akasubiri waje. Miaka kumi na sita na mimi hajanisubiri hata nimalize sentensi.

Wanakopelekwa sijui. Nani anawanyonyoa sijui, wala sitaki kujua. Uongo. Nataka.

Jioni nilimuuliza alizeti imetoa mafuta kiasi gani. Akasema mwaka huu si haba. Akauliza karatasi ya Calist nimeshaandika? Nikasema bado. Akasema nisijipe presha, niandike kwa ufupi tu.

Jumatatu, 30 Juni

Saa nne asubuhi. Wamekuja.

Naandika hapa hapa mezani. Wanadhani ni ile karatasi. Mzee Antipasi kakaa kwenye kiti chenye kitambaa, kasema nisiharakishwe, kazi ya kalamu haina mbio. Kidau cha wino wa muhuri kakiweka karibu na kiwiko changu.

Calist yuko nje, mbele ya mlango, kaegemea baiskeli. Mama yake amekuja naye. Ameshika sweta, amemletea kwa sababu amesikia mahabusu kuna baridi. Nimemwamkia shikamoo. Kaitikia marahaba mwanangu. Mwanangu! Angejua.

Nikiandika Calist, kituo kinabaki, ndoa inabaki, na Jumanne hakuna kuku atakayepotea, nina hakika kabisa, atajizuia. Nikiandika sekunde nne, sekunde tano, sekunde nne, sijui kinabaki nini. Yote mawili yanaenea karatasi moja.

Baba Alphonce kasema wageni hawawezi kuondoka midomo mitupu. Yupo jogoo wetu asiye na pete, si wa mradi. Kasema kwa sauti, wote wasikie: ila mimi kuku hawa siwajui, sijui kama nitamkamata. Mzee Antipasi kacheka. Keshakwenda bandani. Nimesikia kamba ikifunguliwa.

Nimebonyeza stopwochi. Mazoea.

Sekunde thelathini. Kuku ishirini na jogoo wamo ndani na mwanamume anayekuja kukamata.

Dakika moja. Hakuna aliyelia.

Mzee Antipasi anaongelea bei ya mbolea. Hasikii kwamba hakuna cha kusikia. Lakini mama yake Calist amefuga kuku maisha yake yote. Ameacha kukunja sweta. Amegeuza shingo, anatazama banda.

Sasa ananitazama mimi.