Nusu Wewe, Nusu Mimi

Kwako mtalaka wangu, baba Nasra,

Ama baada ya salamu, ambazo nakupa kwa kuwa kwetu nilifunzwa adabu, nakujulisha kuwa barua pepe yako nimeisoma. Nakujibu waziwazi, ili na wengine wa aina yako wapate kusoma. Unataka kila Ijumaa baada ya sala nimpeleke mtoto kwenye duka la intaneti pale Darajani, akae mbele ya kamera, nawe huko Maskati umfundishe hesabu na Kiingereza. Siku zilizobaki nimfundishe mimi. "Nusu wewe, nusu mimi," umeandika. "Masomo mseto." Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mseto naujua, bwana wee. Ni mchele na choroko, na vyote viwili vimo chunguni.

Lakini ngoja nikukumbushe, maana kwa kusahau wewe ni hodari.

Unakumbuka ulipokuwa mwalimu? Nasema mwalimu wa kweli, kabla hujaanza kuvaa tai. Darasa lako na langu yalitengwa na ukuta mmoja. Siku ya kufundisha sehemu za namba ulikuja na mkate wa kumimina mzima, kaupika mama yako, ukaukata mbele ya watoto: nusu, robo, thumni. Darasa langu lote likaacha kusoma, likawa linanusa. Nikaja mlangoni kugomba, ukanikatia kipande. "Kula kwanza, Bi Mwalimu, ugomvi baadaye." Mikono ya shati lako ilikuwa nyeupe kwa chaki. Nilikupenda siku ile, sikufichi. Yule niliyempenda namwonea huruma kwa ulivyomfanya.

Kisha wakaja wafadhili, ukapelekwa kozi, ukarudi msimamizi wa mradi wao, unazungumza kama tangazo la redio. Zikaja kompyuta. Chumba kikapakwa rangi, kikatiwa kiyoyozi, mashine zikafunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya bibi harusi, na watoto wakaamriwa kuvua viatu mlangoni. Siku tatu kwa wiki walisoma na mimi, siku mbili na mwalimu wa kwenye kioo, aliyerekodiwa katika mji sijui gani. Mimi ukanikataza kuingia. "Mwalimu akiwemo ndani, watoto hawajitegemei," ulisema. Basi nikakaa nje na madaftari yangu.

Siku ya kwanza niliwasikia watoto wa darasa la kwanza wakiamkia kwa pamoja, "Shikamoo, mwalimu!" Kisha kimya. Nikavumilia, nikashindwa, nikafungua mlango. Wote wamesimama wima, na somo linakaribia kwisha. Waliinuka kumwamkia mkubwa kama walivyofunzwa kwao, na yule wa kwenye kioo hakuwaitikia wala hakuwaambia wakae. Mtoto gani wa Unguja atakaa kabla hajaitikiwa? Mmoja alikuwa keshajikojolea, machozi yanamtoka, na bado kasimama. Nikasema, "Marahaba, wanangu. Kaeni." Wakakaa wote kwa kishindo.

Nawe ukaandika nini katika ripoti? Kwamba wanafunzi walisimama kwa hamasa. Jioni tukinywa chai nilikuuliza kama huoni haya. Ukanijibu, "Wafadhili hawataki kusikia mambo ya mikojo." Ripoti ile ikakupandisha cheo, na cheo kikakupeleka Maskati. Umeme ulipokatika kisiwa kizima mashine zikazimika; umeme ukarudi, hakuna aliyeziwasha, na mpaka leo zimelala chini ya vitambaa vyake. Talaka yangu ikaja kwa ujumbe wa simu. Niliisoma nimegeukia ubao, ili watoto wasinione uso. Hata kuniacha hukuja mwenyewe.

Hayo yangu nishayameza. Lakini Nasra yuko darasa la pili na anakupenda, kwa hiyo Ijumaa iliyopita nilimpeleka, nisije nikaambiwa nimemnyima mtoto baba yake. Aling'ang'ania kuvaa nguo ya Idi. Uso wako ulipotokea, umekatikakatika, akasimama kwa furaha mpaka kiti kikaanguka. Wewe ukaanza kuzidisha hapo hapo. Mara mbili, mara tatu. Akakwambia, "Baba, nilianguka, tazama!" Akanyanyua mguu karibu na kamera, goti limechubuka lote. Macho yako yalikuwa pembeni, unasoma kitu kingine. Ukasema, "Vizuri sana. Na mara nne?"

Njiani, tulipofika Mkunazini, akanivuta mkono.

"Mama, baba hakuliona goti langu."

"Kioo cha kule kibovu, mwanangu. Hakionyeshi vizuri."

"Angeliona angenipa pole?"

"Angekupa."

Nimekudharau kwa tai, kwa ripoti, na kwa talaka ya simu, na dharau hiyo niliibeba bila taabu. Hii ya sasa ni nzito. Umenifanya nimdanganye mtoto ili heshima yako ibaki, na nimeona kwamba kila Ijumaa itanibidi nimdanganye tena, mpaka awe mkubwa wa kuyajua yote. Siku hiyo atatudharau sote wawili, na mimi sitakubali kuingizwa kwenye fungu lako.

Basi Ijumaa hii hatuji, wala ijayo. Asiyekuwepo na lake halipo. Hesabu namfundisha mwenyewe, na Kiingereza kitamwingia. Ukimtaka mwanao, ndege zipo, boti zipo, nyumba ni ile ile ya hapa Malindi, Unguja. Mama hatakufukuza, ingawa atatamani. Njoo ukae naye kitako, muda wowote utakaouweza, na hiyo simu yako uiache mfukoni.

Na ukifika, kabla ya mara nne, kabla ya zawadi, mpe pole. Goti litakuwa limeshapona, lakini pole yako bado anaingoja.

Mtalaka wako,
Mama Nasra