Saa Kwenye Mkono wa Muuza Nyama

Jumatatu, 3 Machi
Mwanangu ni punguani. Usoni nimeshamwambia, hapa naandika nipumue. Unauza nyama, unavaa saa ya waheshimiwa! Gari la kubebea ng'ombe kaliuza, kalivaa mkononi. Anasema bei yake inapanda kila mwezi kama mkate. Nikamjibu mkate angalau unaliwa. Sheria ya marehemu babake ni moja: ukishika shoka la bucha, mkono uwe mtupu. Yeye saa haivui. Mkanda wenyewe wa dhahabu kaupunguza umbane, mafuta yasije yakautelezesha.

Jumatano, 5 Machi
Kibarua wetu, Kipara, alikuwa anapasua mbavu. Tone la damu likarukia kioo cha saa. Mwanangu akamtandika mdomoni kwa ubapa wa panga. Jino likadondokea kwenye maini ya mteja! Nikamzaba mwanangu kushoto, kulia, watu wanatazama. Mkewe akacheka. Nikamwambia acheke akishasuuza maini.

Ijumaa, 7 Machi
Bei imepanda tena. Anaitangazia foleni nzima, mkono juu. Wanaume wawili wakaulizia utumbo. Macho yao hayakuwa kwenye utumbo.

Jumamosi, 8 Machi
Wamekuja tukifunga. Wale wale. Wakamwambia avue, akakataa. Wakamlaza mkono juu ya gogo la kukatia, wakaponda kifungo cha mkanda kwa nondo. Puu! Puu! Mfupa ukalia. Nikambamiza mmoja kisogoni kwa jiwe la mizani, akatoka anayumba, mwenzake anamburuta. Saa imebaki. Kifungo kimepondeka, hakifunguki. Tukamkimbiza hospitali, daktari akasema mkanda ukatwe, la sivyo vidole vinakufa. Mwanangu akasema ukikatwa bei inaporomoka. Katoroka wodini!

Jumapili, 9 Machi
Mkono umevimba, dhahabu imezama nyamani. Vidole vina rangi ya ini lililolala. Naijua rangi hiyo — nyama ya hivyo hatuuzi. Nikataka kumrudisha hospitali, akanisukuma ukutani. Mimi, niliyemzaa! Naandika natema damu.
"Mama, subiri kesho, kuna mnunuzi," anasema.
Mnunuzi atainunua pamoja na mkono wake?
Basi. Kipara kashamlaza mwanangu sakafuni, kamkalia miguu. Huyo mkewe aache kulia, alete msumeno wa mifupa na maji ya moto. Kifua nakikalia mwenyewe. Tukate mkanda sasa hivi, na yeye atulie. Akijitikisa, msumeno hauna macho.