Picha ya Mjomba Mkekani

Kasulo, Ngara

Mpwa wangu Deodata,

Marahaba kwa shikamoo uliyotuma kwenye simu ya jirani yetu Gervasi. Anayekuandikia ni mjomba wako Bernardo, yule ambaye hapa Kasulo kikao hakifunguliwi mpaka aketi, hata mwenyekiti akohoe vipi. Huko Biharamulo hujambo? Kile kifua kimepona? Sisi wazima, isipokuwa mkono wa mkaza mjomba wako Yuster. Tangu upooze, bado haujashika kitu.

Habari zako nimezipata, kwamba mwezi ujao utaonyesha picha za maisha ya kweli ya watu, na yangu huitundiki bila ruhusa. Hiyo ndiyo adabu. Ila nilidhani umechagua ile niliyosimama na koti na mkuki, siku niliyokusimulia jinsi nilivyomkodolea macho chui wa pori la Burigi mpaka akaomba njia. Kumbe umechagua ya asubuhi ile ulipokuja kuaga bila kupiga hodi: nimekaa mkekani, miguu nimenyoosha, namenya ndizi!

Mwanamume wa hapa hukaa kwenye kigoda akasubiri sahani, wewe unajua. Gervasi akaizungusha simu yenye picha hiyo kilabuni, nikapokewa kwa jina la Yuster: "Shikamoo mama Sostenes, leo tunakula nini?" Nikawaambia nilikuwa nakufundisha kazi ya kamera. Hawakuamini. Nikaazimia kukuandikia uifute.

Lakini nilipomwonyesha Yuster, aliitazama sana. Akasema yule wa mkuki hamfahamu, huyu wa mkekani ndiye mumewe. Akaomba umletee nakala kubwa aiweke karibu na kitanda. Basi itundike, na jina langu liandike lote, Bernardo wa Kasulo. Wa kucheka wacheke, nitawajibu mwenyewe.

Dada yangu, mama yako, mpe salamu nyingi. Mwambie kahawa ya mwaka huu imechanua mpaka nyuki wanagombana.

Jambo moja limebaki, na hili lisitoke kwako. Kwenye nakala ya Yuster, kata ile pembe ya chini yenye maganda. Kwenye simu hakuyaona, na mimi nimemwambia namenya kama yeye. Ukweli, nusu ya ndizi huondoka na ganda. Mbuzi wa Gervasi wamenenepa kuliko sisi.

Ya kutundika iache ilivyo.

Ni mimi mjomba wako,
Bernardo