Walishangilia Kifo cha Mume wa Shangazi

Mpendwa mshauri, nakuandikia wewe maana hapa nyumbani hakuna wa kumwambia. Mimi ni mwandishi wa filamu, na ile filamu ya ujasusi inayozungumzwa kila mahali, ile ambayo pikipiki inaruka juu ya paa la soko na jasusi anamkimbiza msaliti dakika kumi nzima bila kupumua, niliiandika mimi, na watu wameipenda kupita kiasi, kumbi zinajaa tangu saa nane mchana, na pale msaliti anaposukumwa kutoka ghorofa ya nne watu husimama na kupiga miluzi. Tatizo langu ni huyo msaliti.

Baba yangu alikuwa mtu wa usalama. Wiki tatu kabla hajafa alinishika mkono hospitalini akaniambia kwamba mume wa dada yake, fundi wa kiwanda cha uchapaji, hakuwahi kuuza siri yoyote, yeye baba alimtaja tu kwa sababu wakubwa walitaka jina na yeye hakuwa na mwingine wa kumtaja. Yule bwana alichukuliwa akiwa na aproni yake ya kazini, hakurudi. Shangazi ndiye aliyenilea mama alipofariki, ndiye aliyenifundisha kusoma, na miaka yote hiyo ameitwa mke wa msaliti, hata dukani walikuwa wanamhudumia wa mwisho. Nami badala ya kumwambia ukweli nikaandika filamu, nikamfanya baba shujaa na mume wa shangazi msaliti kwelikweli, nikampa hadi ule mguu wake wa kuchechemea na tabia yake ya kuimba chinichini akichanganya wino, maana mshauri, mtu wa kweli hunoga zaidi kwenye filamu.

Siku ya uzinduzi nilimkalisha shangazi mstari wa mbele, sijui akili zangu zilikuwa wapi. Msaliti alipoanguka ukumbi ulilipuka kwa makofi, na mama mmoja nyuma yetu akasema, "Afadhali! Na afe!"

Shangazi hakulia. Taa zilipowaka akaniuliza, "Baba yako alikuambia nini kabla hajafa?"

Nikamjibu, "Hakuna kitu, shangazi. Hii ni hadithi tu."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Huu ni mwezi wa pili hapokei simu, zawadi nilizotuma zimerudi kama zilivyofungwa, na mtayarishaji ananibana nianze sehemu ya pili. Nifanye nini anisamehe? Na hiyo sehemu ya pili niiandike?

Mwandishi Asiyelala

*

Mwandishi, pole kwa kufiwa, na pole kwa mzigo aliokutwisha baba yako akiwa kitandani. Huruma yangu inakomea hapo.

Baba yako alimmaliza shemeji yake mara moja. Wewe unammaliza kila siku kuanzia saa nane mchana, tena watu wanapanga foleni. Usinitajie watazamaji. Yule mama wa nyuma hakumjua fundi, alishangilia ulichompa. Wewe ulijua.

Na shangazi yako hakukuuliza habari za filamu, bwana. Alikuuliza swali aliloishi nalo tangu mumewe achukuliwe, na wewe, mtoto aliyemlea, ukamdanganya machoni. Halafu unamtumia zawadi!

Kesho asubuhi nenda kwake mikono mitupu. Asipofungua, sema hapo hapo mlangoni, kwa sauti: mumeo hakumsaliti mtu, kaka yako alimsingizia, na mimi nilijua. Majirani wakisikia, vizuri, ndio waliomwita mke wa msaliti. Ukimaliza, nyamaza. Akikufukuza, ondoka. Kisha yaandike haya haya kwa jina lako halisi uyalete gazetini, nafasi nitakutafutia mimi. Mtayarishaji mwambie hapana, na umweleze sababu.

Kuhusu msamaha, usiuombe. Huenda asikupe hadi siku atakayozikwa, na haki hiyo anayo. Amebeba aibu isiyo yake tangu ujana, na kati ya walio hai, anayeweza kumtua ni wewe peke yako. Nenda.