Togwa Kabla ya Saa Sita

Jumatano, 2 Julai 2025
Sukari bado iko juu. Daktari wa Mbinga mjini kanibadilishia dawa, kasema nipunguze mwili: nile kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku, basi. Nje ya hapo maji matupu. Nikamwuliza, nikishindwa? Akautazama huu mguu wenye kidonda. Mama yangu walimkata mguu kwa ugonjwa huu huu. Naogopa. Naogopa sana!

Jumamosi, 5 Julai
Njaa haina adabu. Baridi hii ya Mpepai, mume wangu Ildefonsi anakula viazi na chai ya maziwa mbele yangu. Eti watu watasema hanilishi. Waseme!

Jumanne, 8 Julai
Nimejiharibia mwenyewe. Majirani walikuja kunisaidia kuchuma kahawa. Saa nne nikawatolea togwa. Restituta, tunayepakana naye shamba, akanisubiri nionje. Huku kwetu aliyepika ndiye hutangulia kunywa, wageni wajue hamna sumu ndani. Nikasema nimefunga mpaka saa sita.

"Kufunga gani, dada Lidia? Kwaresima si imeshapita!"

Nikaeleza sukari, daktari, mguu. Funda moja tu lingetosha — mimi na kichwa changu kigumu! Vikombe vilirudi vimejaa. Saa tano shambani hakuna mtu. Kahawa imeiva, inadondoka.

Ijumaa, 11 Julai
Sukari imeshuka! Na kilo mbili zimetoka! Nimerudi kutoka kupima, nacheka peke yangu njiani. Nafika bombani, Restituta anawaambia wenzake, wala hashushi sauti: nimekonda kwa sababu sumu yangu imekosa mtu, sasa inanila mwenyewe. Mungu wangu! Mimi niliyewalea wanawe alipolazwa! Nimelia hadi kichwa kinagonga. Kahawa tunachuma wawili tu, na Ildefonsi hanisemeshi.

Jumapili, 13 Julai
Tumetoka misa ya kwanza. Restituta kaja na wanawake wanne, kaleta togwa ya kupatana, kaipika mwenyewe. Imekolezwa sukari, harufu yake naisikia hadi huku. Hata saa tatu haijafika. Ildefonsi kaninong'oneza: kunywa, mwanamke, yaishe. Nikasema nafuata kanga chumbani — ndiyo naandika. Basi, nitakunywa. Nimechoka. Mguu utajijua.

Ananiita tena. Nachungulia mlangoni. Kikombe wamekiweka mbele ya kiti changu, kimejaa pomoni. Wote wanakitazama.

Restituta hajaonja.