Stika ya Kijani kwenye Hita ya Mama Mkwe

Dada Furaha,

Amani ya Bwana ikukute hapo Uvira ukiwa umeketi vizuri. Goti limepoa, ama bado unapanda ngazi za kanisa kwa kushika ukuta? Na gazeti je, bado unalisoma kwa sauti ili upate kugombana nalo? Mke wangu Neema na watoto wako salama Louisville. Yeye anahudumia wazee; watoto nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza. Mimi mwili ni mzima, lakini naandika nikiinuka kila mara. Utaona kwenye mwandiko.

Kazi yangu unaijua: kupima hita, birika, pasi, kila kinachochomekwa ukutani. Mwenye jengo anaipa kazi kampuni moja, hiyo inaipa nyingine, na hiyo ya pili ndiyo inayotutuma mji hadi mji. Kifaa kikiwa kizima unabandika stika ya kijani yenye sahihi yako. Bosi anataka tukimbie. Nilimshambulia mbele ya watu wote: "Stika bila kipimo ni uongo wenye gundi! Siku moja itaua mtu!" Wenzangu wakaniita Wakili. Nilifurahi, Dada. Nilijiona mtu.

Bon, mwezi uliopita tulipima jengo la wazee huku Buffalo, East Side, anakoishi mama mkwe. Vya sebuleni nilivipima vyote. Hita ilikuwa chumbani kwake, anapolala. Wewe ndiye uliyenifundisha siku za harusi yangu: mkwe haingii pale, hata nyumba ikiwaka. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni akiangalia sakafu. Kumwomba aibebe, mgongo unamuuma. Na bosi nje anapiga honi. Nikatia sahihi stika, nikampa aibandike mwenyewe.

Jumanne nilikuwa Columbus. Nikapima hita ya aina ile ile waliyogawiwa wazee wa Buffalo, mashine ikalia. Nilipofungua plagi, waya ulikuwa mweusi kama utambi. Nikapiga simu.

"Mama, chomoa hita."

"Juu ya nini? Si iko na kikaratasi yako?"

"Tafadhali, chomoa tu."

"Weye mukwe, unajua baridi ya huku? Uliandika ni nzima. Niamini mukono yako ao kinywa yako?" Akacheka, akakata.

Ukweli sikumwambia. Niliona haya, na haya hiyo ilikuwa kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nikapiga tena: kimya. Bosi akasema nikiondoka nisirudi. Niliondoka.

Saa tano nzima barabarani hadi Buffalo. Nilipiga simu, nikapiga, hakuna aliyepokea. Kila king'ora nilichosikia kilikuwa kinakwenda kwake. Nilisali, nikaacha, nikawaza ni wapi blanketi lake huning'inia, na nikakumbuka kwamba sijui, kwa kuwa sijawahi kuona.

Alifungua mlango akiimba, kitenge mabegani. Simu ilikuwa jikoni, ameisahau. Nilimpita bila salamu, nikaingia chumbani. Blanketi lilikuwa limegusa waya. Plagi ilikuwa imelainika kama mshumaa. Nikachomoa, nikaukata waya kwa koleo, kisha nikakaa sakafuni, kando ya kitanda cha mama mkwe, nikamweleza yote.

Akaokota kipande cha waya. "Donc, yaani uliogopa chumba yangu kupita moto?"

Hayo nikaambiwa mimi, Wakili, Dada!

Naandika sebuleni kwake. Nimemnunulia hita mpya, nimeipima mara tatu, na bado kila baada ya aya moja nainuka kwenda kugusa plagi. Sasa naingia pale bila kubisha; naye anasema ataniwekea kiti. Anacheka. Mimi siwezi. Bado sijampigia Neema. Nimwambieje kwamba mama yake alilala mwezi mzima kando ya sahihi yangu?

Ndani ya bahasha nimeweka stika yenyewe. Jina ni langu, tarehe ni yangu, kipimo hakuna. Siku nikikupigia simu na kuanza kulaumu mabosi wa dunia nzima, na watastahili, uniache niseme. Halafu unisomee stika hii kwa sauti, kama unavyosoma gazeti.

Msalimie shemeji na viatu vyake vya kushona, mama mdogo anayeuza visamaki vya ndagala, na mchungaji wetu mzee. Yeye mwombe anikumbuke bila kuuliza sababu.

Nakwenda kugusa plagi.

Mdogo wako,
Bahati